Taa Nyekundu na Kidonda Kisichopona: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Tiba ya Mwanga

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya mbili tu, tiba ya saratani ya ngozi inayotumia krimu na taa badala ya kisu. Barua zilizofuata zimeujaza ukurasa huu wote. Nimechagua sita kati ya hizo na kuzifupisha bila kubadili maana. Majina ya walioandika nimeyaacha.

Msomaji, Moshi: *Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa miaka 29 mwenye ualbino, fundi cherehani. Dada yangu anahudumia wazee huko Ujerumani, na bibi mmoja anayemtunza alikuwa na saratani ya ngozi kwenye paji la uso. Alipakwa krimu, akamulikwa taa nyekundu, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo bila kushonwa hata uzi mmoja. Mimi nina kidonda mbele ya sikio la kushoto, huu ni mwezi wa saba. Hukauka, hufanya ukoko, kisha hutoa damu tena. Sitaki kukatwa usoni. Naomba unielekeze hospitali yenye taa hiyo, hata kama ni nje ya nchi, ili ndugu waanze kuchanga.*

Marahaba, mwanangu. Nitajibu kwanza lililo la haraka, halafu nieleze sababu. Kidonda kilichokaa miezi saba mbele ya sikio la mtu mwenye ualbino hakisubiri mchango wa ndugu. Nenda KCMC wiki hii. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kimo katika hospitali hiyo tangu mwaka 1992, na vidonda vya namna yako ni kazi yao ya kila siku. Watakuchoma sindano ya ganzi, watakata kipande kidogo cha kidonda na kukipeleka maabara, na majibu yatakayorudi ndiyo yatakayosema kama ni saratani, ni ya aina gani, na imechimba kiasi gani. Bila majibu hayo hakuna daktari mwaminifu, awe wa Moshi au wa Ujerumani, atakayekubali kukuwashia taa.

Sasa sababu. Kwa jinsi dada yako alivyoeleza, inaelekea yule bibi alikuwa na kasinoma ya seli za basali, ambayo ndiyo saratani ya ngozi inayowapata Wazungu kuliko nyingine zote. Huanzia katika seli za safu ya chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, huenda polepole, ni nadra sana kusafiri hadi viungo vingine vya mwili, na ikiwa ni ile aina inayotambaa juu juu huwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa watu wenye ualbino barani Afrika inayoongoza ni nyingine, nayo ni kasinoma ya seli za skwamasi, yaani zile seli bapa zilizolaliana juu ya seli za basali kama makuti juu ya paa. Saratani hii ikishatoboa sakafu ya tabaka la juu huchimba kwenda chini, na huweza kufuata njia za limfu hadi kwenye tezi za shingo. Kwa iliyofikia hapo tiba ya mwanga haifai kabisa, hata kama taa ingekuwa mlangoni pako.

Jambo lote ni kina. Krimu inayotumika katika tiba hii hupenya milimita moja hivi, au mbili ngozi ikiwa imekwanguliwa vizuri kabla ya kupakwa, na mwanga mwekundu hufika chini kidogo kuliko hapo. Seli za saratani zilizo chini ya mpaka huo hazipati dawa. Kinachonitisha si kwamba kidonda kitakataa kupona, bali kwamba kitapona. Juu kutakuwa na ngozi laini isiyo na alama, nawe utafurahi na kuacha kwenda kliniki, huku mabaki yakiendelea kukua mahali usipoweza kuyaona. Ndiyo maana madaktari hawapendi kumulika uvimbe mnene, wala uvimbe ulio karibu na sikio, pua, jicho au mdomo, kwa kuwa katika sehemu hizo saratani ina tabia ya kuchimba na kurudi.

Kuhusu hofu ya kukatwa usoni, wewe ni fundi cherehani, unajua kwamba mshono uliofuata mkunjo wa kitambaa hauonekani. Mbele ya sikio pana mkunjo wa asili, na mpasuaji mwenye uzoefu huuficha mshono humo. Ataondoa kidonda pamoja na ukingo wa milimita chache za ngozi nzima kukizunguka, na maabara itaangalia kama kingo hizo ni safi, uhakika ambao taa haiwezi kuutoa kwa kuwa baada ya kumulika hakuna nyama ya kuangaliwa. Ikionekana kwamba mionzi inahitajika, matibabu hayo yapo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Ukiwa kliniki, usioneshe kidonda hicho peke yake. Vua shati waone shingo, mabega, mikono na nyuma ya masikio. Kama una mabaka makavu yanayokwaruza kama msasa ukipitisha kidole, hizo ni keratosi za jua, mabadiliko ambayo baadhi yake hugeuka saratani yakiachwa miaka. Hapo ndipo tiba ya mwanga inapofanya kazi yake bora, lakini kwa mabaka machache huna haja ya kuitafuta ng'ambo. Naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huyagandisha kwa sekunde chache, yakafanya malengelenge na kubanduka.

Mwalimu wa baiolojia, Kakamega: *Daktari, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameniuliza swali nikakosa jibu. Taa nyekundu haiunguzi, wala si eksirei. Inawezaje kuua seli ya saratani na kuiacha seli jirani? Tafadhali tupe na historia kidogo.*

Mwalimu, waambie wanafunzi kwamba taa peke yake haiui kitu. Lazima vitu vitatu vikutane mahali pamoja na kwa wakati mmoja, navyo ni dawa inayoitikia mwanga, mwanga wa rangi inayofaa, na oksijeni ambayo tayari imo katika nyama ya mwili. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, hakuna kinachotokea.

Dawa yenyewe ina ujanja unaostahili kipindi kizima darasani. Karibu kila seli ya mwili hutengeneza hemu, ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu wake na inayohitajika pia katika vimeng'enya vya upumuaji wa seli. Malighafi ya mwanzo ni asidi ya aminolevuliniki, na hatua moja kabla ya mwisho hupatikana protopofirini ya tisa, ambayo hupachikwa chembe ya chuma na kazi ikaisha. Katika hali ya kawaida mwili huidhibiti malighafi ili protopofirini isirundikane. Krimu ya tiba hii ina malighafi hiyo hiyo, au ndugu yake aitwaye methili aminolevulineti, kwa wingi unaokipita kizuizi hicho. Seli zilizoharibika hujaa protopofirini kuliko jirani zao wazima, kwa sehemu kwa sababu gamba lililo juu yake limevurugika na krimu hupita kwa urahisi, na kwa sehemu kwa sababu hatua ya kupachika chuma ndani yake huenda kwa kusuasua. Baada ya saa tatu, ukimulika eneo lile kwa taa ya rangi ya zambarau katika chumba chenye giza, baka la ugonjwa hung'aa wekundu kama wa tikiti maji lililokatwa, na ngozi ya pembeni hubaki na rangi yake. Mara nyingine ndipo daktari hugundua kwamba ugonjwa ulikuwa mpana kuliko macho yalivyokuwa yakimwonesha.

Taa kubwa ikiwashwa, kwa kawaida nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 630 hivi, protopofirini hunyonya nguvu ya mwanga na kuikabidhi kwa oksijeni iliyo karibu. Oksijeni hiyo hugeuka kali, ikaunguza kwa njia ya kikemia utando wa seli na viungo vyake vya ndani. Maisha yake ni mafupi mno, hayazidi sehemu chache za milioni za sekunde moja, kwa hiyo haifiki mbali. Huharibu pale pale ilipozaliwa, na hilo ndilo jibu la swali la seli jirani. Rangi ya buluu hunyonywa na protopofirini kwa nguvu zaidi kuliko nyekundu, lakini huishia juu juu, ndiyo maana nyekundu huchaguliwa panapotakiwa kina. Mwangaza wa tochi darasani utawasaidia kulielewa hilo, kwani wakifunika tochi kwa kidole, kinachopenya hadi upande wa pili ni wekundu tu.

Kuhusu historia, mwanzo wake ulikuwa wa bahati. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Munich, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Oscar Raab alikuwa akipima, chini ya mwalimu wake Hermann von Tappeiner, jinsi rangi iitwayo akridini inavyoviua paramesia, vijidudu vya seli moja ambavyo wanafunzi wako bila shaka wamevichora. Majibu yalikuwa yakibadilika siku hadi siku ingawa kipimo cha rangi kilikuwa kile kile, hadi alipotambua kwamba kilichokuwa kikibadilika ni mwanga uliofika mezani, kwani vijidudu vilivyokaa gizani viliishi na vilivyopata mwanga vilikufa. Kufikia mwaka 1903 von Tappeiner na daktari wa ngozi Albert Jesionek walikuwa wamekwisha kupaka rangi ya eosini kwenye vivimbe vya ngozi vya wagonjwa na kuvianika kwenye mwanga. Mwaka huo huo Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, ingawa njia yake ilikuwa ya mwanga mtupu bila dawa, na haifai kuchanganywa na hii.

Kisha akatokea Friedrich Meyer-Betz, naye Mjerumani, ambaye mwaka 1912 alijidunga mwenyewe mishipani miligramu 200 za hematopofirini, dawa ya jamii moja na protopofirini, ili aone itakuwaje. Alipotoka juani uso ulimvimba hata asitambulike, na ngozi yake iliendelea kuogopa jua kwa wiki nyingi. Kasoro hiyo ya dawa za sindano ndiyo iliyoichelewesha tiba hii katika ngozi, mpaka James Kennedy na wenzake wa Kingston, Kanada, walipoonesha mwaka 1990 kwamba unaweza kupaka malighafi tu na kuiacha seli ijitengenezee sumu yake. Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka ya namna hiyo kwa keratosi za jua mwaka 1999.

Msomaji, Rotterdam: *Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, nimeolewa Uholanzi. Mume wangu ana miaka 61, ni mtunza bustani, na amepimwa akakutwa na saratani ya seli za basali ya juu juu mgongoni, upana wake kama sarafu. Daktari amempa achague kati ya kukatwa, kumulikwa, au krimu ya kupaka nyumbani iitwayo imikwimodi. Tumechanganyikiwa. Je, kumulikwa kunauma?*

Dada, mumeo yumo katika kundi ambalo tiba ya mwanga ilitengenezwa kwa ajili yake, kwani ugonjwa ni mwembamba, aina inajulikana, na mahali pake hapana hatari. Kwa hiyo swali lenu si kama inafaa, bali kama ni bora kuliko nyingine, na bahati nzuri nchi mnayoishi ndiyo iliyolijibu swali hilo vizuri zaidi. Madaktari wa Uholanzi waliwagawa kwa kura wagonjwa 601 wenye saratani kama ya mumeo katika makundi matatu, wengine wakamulikwa, wengine wakapaka imikwimodi, na wengine krimu ya fluorourasili. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki bila ugonjwa walikuwa asilimia 72.8 ya waliomulikwa, 83.4 ya imikwimodi na 80.1 ya fluorourasili. Baada ya miaka mitano tofauti ilikuwa imepanuka, maana waliomulikwa walikuwa 62.7, imikwimodi 80.5, na fluorourasili 70.0. Upasuaji haukuwa katika mashindano hayo, lakini kwa uvimbe mdogo wenye mipaka iliyo wazi matokeo yake hupita asilimia 95.

Ukisoma tarakimu hizo peke yake utashangaa kwa nini mtu achague taa. Sababu zipo. Imikwimodi hupakwa mara moja kwa siku, siku tano za kila wiki, kwa wiki sita, na katika muda huo ngozi huwaka, huchubuka, huvuja maji, na mgonjwa asiyeonywa mapema hudhani ameunguzwa na dawa mbovu akaiacha njiani. Halafu baka la mgongoni nani atalipaka? Ni wewe, dada, kila jioni. Kumulikwa huisha kwa ziara mbili zilizoachana wiki moja, hufanywa na mikono ya wahudumu, na alama inayobaki ni ndogo kuliko kovu la kisu. Kwa mguu wa mzee ambao ngozi yake haiponi vizuri ikishonwa, au kwa mtu mwenye mabaka mengi yaliyoenea, ningechagua taa bila kusita. Kwa mgongo wa mtu mmoja mwenye afya na baka moja, ningemshauri akatwe, na kama hataki kisu, imikwimodi kwa uvumilivu.

Kuhusu maumivu sitaki kukudanganya. Siku yenyewe huanza kwa upole. Mhudumu hukwangua ukoko, hupaka krimu ikapita kidogo ukingo wa baka, hufunika kwa plasta isiyopitisha mwanga, na mumeo atakaa saa tatu akisoma gazeti. Kisha plasta hutolewa, macho hufunikwa kwa miwani maalumu, taa huwashwa kwa dakika saba hadi kumi hivi. Katika dakika za mwanzo ndipo uchungu hupanda, nao wengi huusimulia kama kuchomwa sindano nyingi za moto au kumwagiwa maji ya pilipili kwenye mchubuko. Feni, upepo baridi na maji ya kunyunyizia hupunguza, wanaweza kusimamisha taa apumzike, na kwa eneo pana huweza kumpa ganzi ya mshipa wa fahamu. Mgongoni huvumilika kuliko usoni na kichwani. Baadaye patakuwa pekundu, pafanye ukoko, papone kwa wiki moja hadi tatu. Kwa siku mbili za kwanza eneo lile lisipigwe na jua wala taa kali.

Mambo mawili amwambie daktari hata kama hakuulizwa. La kwanza ni kama ana mzio wa karanga, kwa kuwa krimu ya methili aminolevulineti inayotumika sana Ulaya imechanganywa na mafuta ya karanga. La pili ni kama katika ukoo wao pana ugonjwa wa pofiria, ambao ni kasoro ya kurithi katika kile kiwanda cha hemu nilichomweleza mwalimu wa Kakamega. Mwenye ugonjwa huo hapewi tiba hii.

Msomaji, Unguja: *Daktari, nimesoma kwamba huko Ulaya wengine hupakwa dawa wakatolewa nje wakae juani badala ya kuwekwa chini ya taa. Sisi jua tunalo la kutupa. Kwa nini tusiitumie neema hii? Pia kuna kijana anauza kwa simu barakoa yenye taa nyekundu, anasema inatibu chunusi, makunyanzi na saratani.*

Ulichosoma ni kweli, nami nilipoanza kukisoma nilitabasamu kama wewe. Madaktari wa Denmark, kuanzia mwaka 2008, walitangaza kwamba keratosi nyembamba za jua huitikia mwanga wa mchana karibu sawa na taa, na kwa maumivu madogo zaidi. Mgonjwa hupakwa kwanza losheni ya kukinga jua, ya aina isiyo na unga mweupe wa zinki wala titani kwa kuwa unga huo huzuia pia mwanga unaohitajika. Magamba hukwanguliwa, krimu hupakwa bila kufunikwa, na kabla nusu saa haijaisha hutoka nje akakaa saa mbili, kisha huoshwa na kubaki ndani siku iliyobaki. Uchungu hupungua kwa sababu protopofirini hutumiwa kidogo kidogo kadiri inavyotengenezwa, haipati nafasi ya kurundikana.

Lakini angalia ni nini kilichotumika hapo. Ni mwanga unaoonekana kwa macho, huku mionzi ya urujuanimno, ambayo ndiyo inayoharibu vinasaba vya ngozi na kuleta saratani, ikizuiwa na losheni. Mtu akitoka juani bila dawa na bila losheni hapati tiba yoyote, anaongeza maradhi. Tena njia hii ni ya keratosi. Kwa saratani iliyokwisha kuwa saratani, taa ya hospitali yenye kipimo kinachojulikana haijapata mbadala wa uani.

Barakoa ya kijana yule haina krimu, haina protopofirini, na kwa hiyo, kama nilivyomwambia mwalimu, haina kinachoweza kuua seli ya saratani. Kama inasaidia chunusi sitaingia katika ugomvi huo leo. Kwa kidonda kisichopona, madhara yake ni miezi ambayo mtu ataipoteza akijimulika chumbani.

Muuguzi wa zahanati, Kigoma: *Tunaambiwa saratani ya ngozi ni ya Wazungu na ndugu zetu wenye ualbino. Je, wagonjwa wangu wenye ngozi nyeusi tuwaondoe wasiwasi?*

La, dada muuguzi, ila wasiwasi wao uelekeze mahali panapostahili. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, huwakinga sana na saratani zitokanazo na jua, kwa hiyo usitumie muda wako kukagua nyuso na kusahau miguu. Kwa Mwafrika mwenye ngozi nyeusi, saratani ya skwamasi hupenda kuota katika kovu la zamani la moto au katika kidonda sugu cha mguuni ambacho familia imekizoea kiasi cha kukiona kama sehemu ya mzee mwenyewe. Kidonda cha miaka mingi kikianza kuota nyama kama ua la koliflawa pembezoni, kikanuka na kutoa damu kwa urahisi, usibadilishe dawa ya kufungia tena, mwandikie rufaa.

Ya pili ni melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ambayo kwetu hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Doa jeusi la unyayoni linalopanuka, lenye rangi zisizolingana na kingo zilizochongoka, lisichanjwe wala kupakwa dawa ya kienyeji kabla halijapimwa.

Katika yote mawili tiba ya mwanga haina nafasi. Kidonda cha kovu kimekwisha kuchimba, na melanoma inaweza kusafiri mapema, mbali na kwamba weusi wake wenyewe huumeza mwanga kabla haujafika kwenye dawa. Hata saratani ya seli za basali, inapotokea kwa mtu mweusi, mara nyingi huwa na rangi nyeusi ndani yake na huitikia taa vibaya kwa sababu hiyo hiyo. Na kwa keratosi au ugonjwa mwembamba ambao ungeweza kumulikwa, mgonjwa mwenye ngozi nyeusi aelezwe kabla kwamba baka jeusi huweza kubaki kwa miezi kadhaa baada ya kupona.

Mzazi, Shinyanga: *Mwanangu mwenye ualbino ana miaka sita, anaanza darasa la kwanza. Je, nimpeleke amulikwe mapema ili asije akapata saratani ukubwani?*

Hapana, mama. Taa haimkingi mtu ambaye bado hajaugua. Kinachomkinga ni shati la mikono mirefu na suruali ndefu, miwani ya jua, na losheni inayopakwa kila asubuhi na kurudiwa mchana. Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, hugawiwa bure kupitia kliniki zao, kwa hiyo muulize mratibu wa kliniki iliyo karibu nawe, na umpeleke mtoto kukaguliwa ngozi kila baada ya miezi sita hata kama huoni kitu. Kuhusu kofia, usikubali kapelo. Ukingo wa mbele tu huacha masikio na kisogo wazi, na huko ndiko vidonda vingi huanzia. Mtafutie pama yenye ukingo mpana pande zote. Kisha nenda ukaonane na mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa, umwombe mambo mawili ambayo hayana gharama: mtoto akae dawati la mbele, kwa kuwa macho yake pia hayaoni mbali, na wakati wa mstari wa asubuhi asimame chini ya mti.